Jinsi ya kutoka kwa programu ya kliniki isiyokusaidia bila kutoka kwa matibabu

Wiki iliyopita dada mmoja tunauza naye mitumba alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Si wewe ndio ulikua unaenda ile kliniki? Mimi nataka kuacha, nafanya aje?" Nikamwambia ngoja kwanza, usiache leo. Lakini hapo sokoni, watu wanapita na mabeli, hungeweza kueleza kitu kama hii ikaisha, kwa hivyo nimekaa usiku nikaandika, na kama wewe uko Nakuru ama Kisumu ama Kakamega huko na umekwama kwa programu kama yangu, soma pia.

Yangu ilianza hivi. Baba alikufa, nikakaa miezi kama saba silali, naamka saa tisa usiku naangalia dari mpaka matatu za kwanza zianze kupiga honi hapa Free Area, Nakuru. Shemeji yangu akasikia kuna kliniki ya watu binafsi iko na programu ya wiki 12, unaenda mara mbili kwa wiki na unarudi kwako jioni, hulazwi. Nikaambiwa nitakua na daktari wa akili, kaunsela wangu mwenyewe na grupu ya kila Alhamisi. Shilingi 24,000, nusu mbele. Nikakopa chama nikalipa.

Kwa wiki sita nilipitia makaunsela wanne. Kila mpya anafungua faili, haisomi, ananiuliza "ulianza kuhisi hivi lini?" na mimi naanza tena kifo cha baba kutoka mwanzo, mpaka ikafika mahali naisema kama mtu anasoma bei za vitu. Grupu ilikua kwa koridoo, viti vya plastiki, na kila mtu akienda choo lazima aruke miguu yetu. Daktari mwenyewe nilimuona mara mbili, hata dakika kumi haziishi, na mara ya pili akaniandikia dawa ingine bila kuniuliza ile ya kwanza imenifanya nini. Alafu siku moja mama wa mapokezi akaita jina langu yote mawili akaongeza "wa dipresheni, ingia", na kwa benchi alikua amekaa mwalimu wa mtoto wangu.

Hiyo siku nilitoka na sikurudi kutibiwa hapo. Na dawa nikatupa kwa choo. Hapo ndipo nilikosea, na ndio maana nakwambia usiache leo.

Kwanza jua kinachokusumbua ni nini hasa

Kuna shida za programu na kuna shida za ugonjwa, na ukiwa mgonjwa zote zinafanana. Dawa za dipresheni kama fluoxetine na sertraline huchukua wiki mbili mpaka sita hivi ndio uanze kuona tofauti, na mbaya zaidi ni kwamba madhara yanatangulia: tumbo kuchafuka, usingizi kupotea, wasiwasi kidogo, alafu ndio faida inakuja nyuma polepole kama mgeni amechelewa. Kwa hivyo ukiwa wiki ya pili na unasema "hii dawa ni bure", pengine si bure, pengine bado. Mimi hakuna mtu aliniambia hivyo, na hiyo sasa ndio shida ya programu. Pia mazungumzo na kaunsela saa zingine yanauma kabla yasaidie, unatoka ukiwa umevimba macho, hiyo peke yake si sababu ya kuhama.

Lakini kubadilishiwa kaunsela kila wiki bila kuambiwa, kupewa dawa bila kuelezwa inafanya nini, siri yako kutangazwa kwa benchi, wiki nane kuisha bila mtu hata mmoja kukuuliza kama una mawazo ya kujiua, hizo ni kasoro zao, usijilaumu. Na kama kuna mtu huko anakugusa vibaya ama anakuitisha namba tukutane kando, hapo hakuna kungoja wala kuongea naye vizuri, unatoka siku hiyo hiyo na unaripoti.

Kuna njia rahisi ya kujua kama unaenda mbele. Siku ya kwanza wengi hujazishwa fomu ya kupima dipresheni inaitwa PHQ-9, iko mpaka ya Kiswahili. Ni maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali unajibu kutoka 0 mpaka 3, kwa hivyo jumla haiwezi kupita 27, na kadiri namba inavyokua juu ndivyo hali ilivyo mbaya. Mimi nilipata 19. Hiyo karatasi ikaingia kwa faili na sikuiona tena mpaka nikatoka. Sasa niambie, kama hawapimi tena wiki ya nne na wiki ya nane, wanajuaje wananisaidia? Ni kama fundi anakutengenezea paa na hangoji mvua. Uliza namba yako ya kwanza ilikua gani, na uombe ujazishwe tena. Wakikataa, jaza yako mwenyewe uwapelekee. Fomu haimalizi mambo yote, kuna siku utapata namba nzuri na bado umechoka, lakini ni bora kuliko "unaendeleaje?" "niko sawa".

Nunua kitabu cha squared

Ndio, kile cha watoto cha hesabu. Kila siku mstari mmoja tu: umelala masaa ngapi, umekula, dawa umemeza saa ngapi, kitu gani kigeni mwilini. Siku ya kliniki andika nani alikuona, alikaa na wewe dakika ngapi, alisema nini. Si kazi ya kuandika insha. Ukiwa na mwezi mmoja ya mistari hivyo, daktari yeyote mpya atakupenda, juu badala ya kusema "sijui, tangu kitambo" unamuonyesha kwamba tangu tarehe fulani ulipobadilishiwa dawa umekua unalala masaa matatu. Na siku ya malalamiko, hicho kitabu ndicho shahidi wako.

Waambie mara moja, vizuri, ukiwa na mtu

Sisi tuna hii tabia ya kuogopa daktari, anakuuliza una swali unasema hapana daktari asante, ukifika steji ndio maswali yote yanakuja. Andika matatu kwa karatasi. Yangu ningekua nayo ingekua hivi: Ugonjwa wangu mmeuita nini? Tunataka tufike wapi na tutajuaje tumefika? Nani ndiye kaunsela wangu mpaka mwisho? Ingia ukisema, "Daktari, samahani, kabla uandike, nina maswali matatu nimeyaandika." Hakuna mtu amewahi kufukuzwa kwa kuwa na karatasi. Na ubebe dada yako ama rafiki, hata akikaa kimya, watu huongea tofauti kukiwa na shahidi.

Mimi nilirudi kuwauliza baadaye, nikiwa tayari nimeharibu, na nesi mmoja wa hapo akaniambia ukweli bila hata kumsukuma: wengi wa wale makaunsela walikua wanafunzi wamekuja mazoezi ya kazi, muda wao ukiisha wanaenda. Hakuna ubaya wa mwanafunzi, wale wengine walikua na roho safi kuliko wenye ofisi, lakini si ungeniambia kabla nilipe? Sasa nikajua kumbe si mimi ndio nilikua nawachosha, juu hiyo ndio nilikua nimeamini, ati mimi kesi yangu ni ngumu mpaka wanakimbia.

Dawa usiguse peke yako

Hapa nitakaa kidogo. Ile siku nimetupa dawa nilijiona shujaa. Siku ya tatu kichwa kikaanza kuruka, nikigeuza macho ni kama umeme kidogo umepita, kizunguzungu, jasho, ndoto za kutisha, na hasira ya kumpigia mtoto kelele kwa sababu ya kijiko. Nikafikiri ugonjwa umerudi mara mbili. Kumbe ni kuacha ghafla. Dawa nyingi za hizi zinafaa kupunguzwa pole pole, wiki baada ya wiki, na mtu anayejua, na kiasi kinategemea ni dawa gani na umekunywa muda gani.

Na hizo za dipresheni ndizo hata afadhali. Kama unapewa ya kutuliza kama diazepam na umeitumia muda, kuiacha ghafla inaweza kukuangusha na kifafa, hata kama hujawahi kuwa nacho. Carbamazepine na valproate, zile za kifafa ama za kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, pia si za kuachia njiani. Wanaotumia lithium, ambayo pia ni ya kutuliza hisia, wanahitaji kupimwa damu, kwa hivyo ukihama kliniki hakikisha unakohamia wanajua. Na dada yangu, kama uko kwa valproate na unaweza kushika mimba, hiyo ongea na daktari mapema sana, ina hatari kubwa kwa mtoto tumboni, lakini bado usiache mwenyewe. Kwa wale wa sindano ya akili ya kila mwezi, andika tarehe ya mwisho ulipodungwa, watu hupotea hapo, wanahama kliniki na miezi miwili imepita.

Kwa hivyo mpango ni huu: usitoke kliniki mbaya mpaka uwe na tarehe ya kuonwa kwingine, na uwe na dawa za kutosha kufika hiyo tarehe na siku kadhaa zaidi. Kama zinaisha na hujapata, nenda kituo chochote cha afya na pakiti mkononi, waambie hizi ndizo nakunywa na zinaisha Ijumaa.

Kama usiku unakuja na mawazo ya kujidhuru, mpe mtu mwingine dawa zote akae nazo, akupe za siku moja moja. Piga 1199, ni laini ya bure ya Red Cross ya Kenya, ama nenda casualty ya hospitali iliyo karibu, usingoje kliniki ifungue Jumatatu. Na usiogope kusema wazi. Watu wengi walikua wananyamaza kwa sababu kujaribu kujiua ilikua kosa la jinai kwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, unaamka hospitali na askari yuko mlangoni, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinakiuka katiba. Kwa hivyo kaunsela akikuuliza, mwambie ukweli.

Karatasi zako ni zako

Siku ya kutoka, usitoke mikono mitupu kama mimi. Unataka majina ya dawa zote na miligramu, tarehe ya kuanza kila moja na kubadilishwa, ugonjwa wameuandika nini, matokeo ya damu kama ulipimwa, na barua ya rufaa. Nilipoenda kuitisha, mazungumzo yalikua hivi:

"Madam, faili ni ya kliniki, haitoki."

"Sitaki faili mama, nataka muhtasari na barua ya rufaa."

"Daktari hayuko."

"Sawa. Nimeandika ombi hapa, nakala mbili. Nipigie muhuri ya kupokea kwa hii yangu."

Ukifika kwa muhuri, sura inabadilika. Barua yangu ilikua mistari mitano, jina, namba ya kitambulisho, tarehe nilizotibiwa, ninachoomba, na mwisho nikataja sheria mbili tu: ya ulinzi wa data ya 2019, ambayo inakupa haki ya kuona taarifa zako wanazoshika, na ile ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho 2022, ambayo inasema mgonjwa ashirikishwe kupanga matibabu yake na siri yake ilindwe. Sikupiga kelele. Baada ya siku nne nikapigiwa simu nichukue. Ilikua ukurasa mmoja na jina langu limeandikwa vibaya, lakini dawa zilikua sahihi.

Ukikosa kabisa, piga picha pakiti zote na maandishi ya daktari, hiyo pia inasaidia.

Pesa: tunza risiti na ujumbe za M-Pesa. Mimi nilikua nimelipa nusu, nikakataa kulipa nusu ya pili, wakapiga simu wiki mbili wakachoka. Mahakama ya madai madogo hushughulikia mpaka shilingi milioni moja na huhitaji wakili, nilifikiria, lakini wacha niseme ukweli sikua na nguvu, na sioni aibu. Chagua vita moja.

Unaenda wapi sasa

Usidhani lazima uende Nairobi. Watu wakisikia akili wanafikiria Mathari peke yake, ile iliyoanza 1910 na ambayo tumegeuza jina lake kuwa matusi, na hapa Nakuru ukibishana na mtu atakwambia utapelekwa Gilgil. Hospitali kubwa za serikali zina huduma za akili: hapa Nakuru ile ya rufaa ya kaunti ambayo bado tunaita PGH, Kisumu ni Jaramogi ambayo wazee bado wanaita Russia, Eldoret ni Moi. Nenda kwanza uulize kliniki ya akili ni siku gani, usibebe tu mwili ukapata ni siku ya macho.

Na ukikuta unaonwa na nesi wa afya ya akili ama afisa wa kliniki, wale tunaita CO, usinune. Madaktari wa akili ni wachache nchi hii, na mtu aliyenisaidia mimi mwishowe ni CO mmoja mnyamavu aliyesoma kitabu changu cha squared ukurasa kwa ukurasa kabla aongee. Dakika ishirini. Alinirudisha kwa dawa ile ile ya pili niliyotupa, akaongeza dozi baada ya wiki nne, na mpaka leo ndiye ananiona. Ile PHQ-9 tunajaza kila mwezi, mara ya mwisho nilikua 7.

Kama ni kliniki ya kulipa, uliza haya kabla utoe hata shilingi. Leseni iko wapi? Ya kituo inafaa kuwa imetundikwa ukutani na ni ya mwaka huu. Daktari anatafutwa kwa mtandao wa KMPDC, lile baraza la madaktari, kaunsela na mwanasaikolojia wana bodi yao chini ya sheria ya 2014. Kaunsela wangu ni nani na ataenda lini? Nikikosa siku moja nalipa? Nikiacha katikati mnarudisha nini, na iko kwa maandishi? Mnapima maendeleo aje? Nikizidiwa usiku nampigia nani? Anayejibu hilo la mwisho na "njoo tu asubuhi", mimi narudisha pesa kwa mfuko.

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hivyo usiende na hesabu ya zamani. Uliza maswali mawili tofauti: hiki kituo kina mkataba na SHA? Na mkataba unalipia kuja na kurudi nyumbani ama kulazwa tu? Wengi hujibu "ndio tunachukua SHA" wakimaanisha kulazwa tu.

Mamangu alinipeleka maombi Njoro na nilienda, na sitasema hayakunisaidia, wale kina mama walikaa na mimi usiku mzima bila kunihukumu. Shida ni mmoja wao aliposema niache dawa nionyeshe imani. Nikamwambia, "Mama, wewe presha yako umeacha dawa?" Akanyamaza. Tulicheka wote.

Kama una nguvu ya kulalamika

Hii fanya baadaye, ukiwa umetulia mahali pengine, si wiki ile unahama. Anza na mkuu wa kliniki kwa barua, muhuri tena. Daktari ama kituo chenyewe, ni KMPDC. Kaunsela, ni bodi yao. Nesi ana baraza lake, CO ana lake. Kama ni hospitali ya serikali, kuna ofisi ya afya ya kaunti na kuna Ombudsman, ile tume ya malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Andika tarehe, nani, alisema nini, nini ulitaka ifanyike, ukurasa mmoja. Ukiandika kurasa sita za uchungu, ambazo una haki ya kuandika, watasoma ya kwanza tu. Mimi niliandika kuhusu kutangazwa kwa benchi peke yake. Nikajibiwa kwamba siku hizi wanaita watu kwa namba, na nikatuma mtu akaangalia, ni kweli.

Kuhusu watu wa nyumbani, chagua mmoja wa kumwambia kila kitu na wengine waambie unaenda kliniki ya presha, si uongo mkubwa, hata presha ilikua juu.

Yule dada wa mitumba amepata tarehe mahali pengine, Jumanne. Dawa zake zinamfikisha Alhamisi, tumehesabu pamoja juu ya beli. Amenunua kitabu, ana barua ya rufaa kwa bahasha ya kaki, na mimi kazi yangu ni kukaa kando yake kwa benchi na kunyamaza.